Dirisha Moja

Tangu ipitishwe sheria ya Dirisha Moja, baraza la mtandaoni la kina mama wenye watoto wenye ugonjwa wa sikoseli lilisomwa kwa programu ya kampuni inayolimiliki tu. Ile aliyoitengeneza Mbelwa, iliyoonyesha maneno kama yalivyoandikwa, ilikuwa imefungiwa, na kuifungua ilikuwa jinai.

Chausiku, dada yake Mbelwa, alikuwa akikoroga uji wa mwanawe simu yake ilipolia kwa ujumbe. Ulitoka kwa mama mmoja wa Lushoto: "Asante dada Chausiku. Nimempa ile soda ya barafu uliyosema, lakini bado analia mifupa inamuuma. Nimwongeze?"

Chausiku akauacha mwiko. Yeye alikuwa ameandika maji ya uvuguvugu na blanketi. Baridi ndiyo inayowaumiza watoto hawa! Akalifungua jibu lake. Jina lake lilikuwepo, picha yake, hata ile "pole mwenzangu" yake, ila katikati kampuni ilikuwa imepachika soda ya mfadhili wake.

"Mbelwa! Hawa mbwa wamenilisha maneno!"

"Wenyewe wanaita kuboresha, dada," Mbelwa alisema, macho chini.

"Wakaboreshe makaburi yao!"

Namba ya yule mama hakuwa nayo. Baraza ndiyo njia pekee. Akaandika: USIMPE BARIDI. MFUNIKE. MKIMBIZE HOSPITALI. Akatuma, uji ukiungua nyuma yake.

Jibu likaja upesi, na kimoyo chekundu mwishoni.

"Asante sana dada. Basi nakimbia dukani kumletea soda nyingine."