Marufuku Kupiga Picha

Mita kumi na mbili chini ya maji, Pweza aligeuka na kumwona mwanamume aliyekuwa akimfuata. Hakushtuka. Alimpungia mkono, akaendelea kuogelea.

Pweza lilikuwa jina la mtaani, kwa sababu akishika jambo haachii. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshika jambo moja: kuupiga picha mwamba huu wa matumbawe. Sasa alikuwa na miaka sitini na mbili, magoti mabovu na kichwa kigumu. Ndani ya maji magoti hayakumuuma, ila kichwa kilibaki vilevile.

Kampuni iliyotaka kujenga gati la meli za watalii ilileta ripoti kwamba mwamba umekufa, ni mawe matupu, hakuna cha kuharibu. Pweza akaweka pingamizi, akapeleka picha mia mbili kwenye baraza la mazingira. Wakili wa kampuni alizipekua kama mtu anayetafuta nyanya mbovu.

"Hizi zinaweza kuwa za bahari yoyote," alisema. "Na aliyezipiga ni mlalamikaji mwenyewe."

Baraza likazikataa. Halafu wakili akaomba amri, akapewa: mpaka siku ya kusikilizwa, mlalamikaji asipige picha hata moja eneo la mradi. Akipiga, pingamizi lake linafutwa na gati linajengwa. Pweza alitoka pale na hasira, na hakuona haja ya kuificha.

Asubuhi hii, mdogo wake ndiye aliyeendesha boti. Walipofika, boti ya kampuni ilikuwa imeshatia nanga. Bila shaka kuna mtu alikuwa amewapasha habari.

"Dada, wamefika."

"Nimewaona."

"Wakikushika na hilo kasha la kamera, ndiyo basi tena."

"Basi wanishike vizuri," alisema Pweza, akajitupa majini.

Sasa mzamiaji wa kampuni alikuwa mita tatu nyuma yake, anamrekodi kwa kamera ya video. Mwingine angejificha. Pweza alimpeleka moja kwa moja kwenye boya ambalo kampuni yenyewe ililiweka mpakani mwa mradi. Mnyororo wake ulishuka hadi chini, na kwenye kibao cha chuma palisomeka jina la kampuni na nambari saba. Hapo hapo aliinua kasha lake la kamera, lile lisiloingia maji, akalielekeza kwenye tumbawe la bluu lenye ukubwa wa meza, samaki wadogo wakilizunguka. Akabonyeza. Mwako wa kamera haukutoka. Hakujali, akabonyeza tena.

Walizunguka dakika arobaini. Alisimama kwa samaki pono waliokuwa wakitafuna matumbawe kwa kelele, akasimama kwa mkunga, samaki kama nyoka, aliyechungulia pangoni mwake, akasimama kwa kasa aliyelala kati ya matawi ya rangi ya asali. Kila mahali alikaa pembeni kidogo, asimkinge mwenzake. Mara moja mzamiaji alibaki nyuma, ameduwaa mbele ya samaki chewa mkubwa. Pweza alimngoja.

Walipoibuka, watu wa kampuni walimnyang'anya kasha, wakalizungushia utepe na kutia sahihi juu yake. Pweza naye akatia yake, bila ubishi.

Siku ya kusikilizwa, wakili aliliweka kasha mezani, mbele ya watu wote.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tulipata simu ya raia mwema, tukatuma mzamiaji wetu. Video haijakatwa popote. Tarehe ipo, saa ipo, na mlalamikaji mwenyewe yupo."

Mwenyekiti, mama asiyependa maneno mengi, aliitazama video ikioneshwa ukutani kuanzia mwanzo. Kwanza aliandika. Baada ya dakika kumi aliacha kuandika. Kasa alipotokea ukutani, mama huyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wakili, hapa ni wapi?"

"Ndani ya eneo la mradi, mheshimiwa. Boya letu nambari saba linaonekana."

"Una hakika si bahari nyingine?"

"Hakika kabisa. Tuko tayari kula kiapo."

Mkurugenzi wa kampuni alimvuta wakili koti. Wakili hakugeuka, alikuwa ameshanogewa.

"Andika hivyo," mwenyekiti alimwambia karani, kisha akamgeukia Pweza. "Nawe mama, amri ya kutopiga picha uliijua. Una la kujibu?"

"Naomba kasha lifunguliwe."

Wakili alikata utepe kwa mikono yake mwenyewe, akafungua vibanio viwili. Alitazama ndani. Kisha akatoa nusu tofali lililoviringishwa fulana nyeusi.

"Kasha tupu huelea," Pweza alieleza. "Mimi sijapiga picha hata moja, mheshimiwa. Zote kapiga yule bwana mzamiaji pale, na kazipiga vizuri."

Kwenye benchi la nyuma, raia mwema alisogea kidogo, dada yake apate pa kukaa.