Kakakuona na Mlio wa Kisu cha Mgema

Palikuwa na Ngedere aliyeshindwa na ulevi wa tembo la mnazi. Kila asubuhi aliapa kuacha, na kila jioni alikutwa juu ya mnazi, kichwa ndani ya kibuyu cha mgema. Wanyama wakachoka, wakataka kumfukuza.

Kakakuona akawaomba siku saba. Hakumkemea Ngedere, alimfuata tu polepole akimtazama. Akagundua kuwa hata asipokuwa na kiu, mgema akigonga kisu kwenye mnazi, ko-ko-ko, mikono ya Ngedere hutetemeka na miguu humtoa mbio.

Siku ya nane wanyama wakakaa barazani.

"Hana haya huyu!" alifoka Fisi. "Mwenye akili hujizuia. Atoke!"

"Umeshiba, Bwana Fisi?" aliuliza Kakakuona.

"Mpaka hapa," alijibu Fisi, akigusa koo.

Kakakuona akagonganisha mifupa miwili mikavu. Mate yakamchuruzika Fisi mpaka kifuani.

"Jizuie basi, mwenye akili!" Kanga akamcheka.

"Usimcheke, mwanangu," alisema Kakakuona. "Mwili wake umezoezwa mlio, kama wa Ngedere. Uliozoezwa huweza kuzoezwa upya, ila si kwa kufukuzwa."

Fisi akajipangusa, akawa wa kwanza kusema Ngedere abaki. Wakamhamishia ng'ambo ya bonde, mbali na minazi ya mgema, na kila jioni Kakakuona akatembea naye.

Siku moja upepo ukaleta ko-ko-ko. Ngedere akatetemeka, akashika gamba la rafiki yake kwa nguvu, wakaendelea na njia yao.

Hekaya naitua hapo. Ukimwona mwenzako anatetemeka, mpe pa kushika.