Mshindani wa Barua za Posa

Saa tatu asubuhi, utafutaji wa washindani ulileta jina moja tu. Salha alikuwa ameomba kibali cha akili bandia ya kuandika barua za posa. Sheria ilisema kwamba kama kazi bado inafanywa na mtu, mtu huyo aridhie kwanza, na akisharidhia asiifanye tena.

Jina lilikuwa la Bi Mwanahawa, shangazi yake, aliyelala chumba cha pili.

Salha alimweleza yote. Majirani waliokijaribu chombo chake hicho cha akili bandia walikipenda, lakini shangazi akikataa, kazi ya miaka miwili imekwisha.

"Kumbe mimi ndiye kampuni inayoshindana nawe!" Bi Mwanahawa alicheka mpaka miwani ikateleza. "Mkono wenyewe siku hizi unatetemeka. Chukua, mwanangu. Ila hicho chako humwuliza binti kama anamtaka huyo mume?"

"Waliokijaribu hawakulitaja hilo, shangazi. Wanataka barua."

"Mimi sikuandika hata moja kabla ya kumwuliza."

Akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha simu ya Salha kuridhia. Kibali kilitoka papo hapo. Salha akashusha pumzi, akambusu mikono yote miwili.

Kabla ya adhuhuri alikuja jirani, Mama Chande, kumposea mwanawe binti wa fundi saa. Salha akawasha chombo. Bi Mwanahawa alifungua kinywa aulize kama binti ameulizwa, akakumbuka alichoridhia, akakifunga. Barua ilitoka nzuri mno. Mama Chande aliikunja, akashukuru, akaenda nayo moja kwa moja kwa fundi saa.