Tiketi ya Sudi

Enzi hizi, ukimlipia mtu tiketi ya ndege kwa kadi yako, kila akisikiacho mwilini na moyoni nawe hukisikia mpaka atue. Bi Mwanamisi alikuwa akipika vitumbua, masikio yamemziba kwa safari ya mwanawe.

"Shoga, kafika wapi?" aliuliza jirani yake, Bi Tatu.

"Mawinguni, kanywa mvinyo! Nitaswali vipi mwenzangu, kichwa kinanizunguka hivi?"

Wakacheka. Akakumbuka mwaka ule alipomlipia Sudi kwenda ughaibuni. Kijana alilia kwa kuacha kwao, na kilio kile kilimfariji mama miaka yote.

Leo Sudi anarudi. Ndege ilipoanza kushuka, Bi Mwanamisi akasahau kugeuza kitumbua, kikaungua. Huzuni ileile ilikuwa imemjia, ya mtu anayeacha kwao.