Usaili wa Tano wa Nyandwi

Waliokuwepo ukumbini Ijumaa ile ni hawa: Mwalimu Rozina, mwendeshaji wa mafunzo ya usaili; Nyandwi wa Murukulazo, msaidizi wake wa kujitolea; Bulugu wa Biharamulo; Joyness wa Kasulo; na wahitimu wengine kumi na wanane wa shahada za biashara. Hakuna aliyechelewa. Simu zote zilikuwa zimezimwa isipokuwa ya Mwalimu, iliyolala mezani huku kila mtu akiitupia jicho la wizi.

Jumatano kampuni moja ya kununua kahawa ilikuwa imemsaili Nyandwi kwa nafasi ya afisa masoko. Wasaili walisema kwamba Ijumaa, kabla ya saa sita, wangempigia kwanza Mwalimu wake, kisha yeye mwenyewe. Ulikuwa usaili wake wa tano katika miaka miwili.

"Kaka Nyandwi," Bulugu alisema, "wewe umeketi mbele ya wasaili mara nyingi kuliko mimi nilivyoketi mbele ya ugali."

"Huo ugali tunauona shingoni mwako," Nyandwi akajibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mwalimu Rozina naye alitabasamu, kisha akagonga meza kwa kalamu. "Tuendelee. Bulugu, njoo kwenye kiti."

Bulugu aliketi, akaeleza vizuri kwa nini aajiriwe, lakini maelezo yote aliyatoa akiitazama sakafu.

"Macho, Bulugu."

"Mwalimu, kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mkubwa. Nikimkazia macho meneja, si atasema sikulelewa?"

Mwalimu alimgeukia msaidizi wake. Nyandwi akasimama mbele ya kiti. "Ingia, mwamkie shikamoo ukiwa umeinamisha uso, kama nyumbani. Akishaitikia marahaba, heshima umeimaliza. Hapo inua macho, maana sasa uko kazini." Akayarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya Bulugu, kisha kwa Kihangaza kwa wale wa benchi la nyuma. Bulugu alijaribu tena. Safari hii aliangalia mbele kama mtu anayedai haki yake.

Hakuna kitabu cha chuoni kilichomfundisha Mwalimu Rozina jambo hilo. Kabla ya Nyandwi kuja alifundisha peke yake: waliandikishwa ishirini, na wiki ya tatu walibaki wanne. Wafadhili waliandika barua moja tu, fupi, kwamba benchi tupu halifadhiliwi. Tangu kijana huyo aanze kujitolea, hakuna benchi lililobaki tupu. Yeye ndiye aliyefungua ukumbi kila asubuhi, yeye aliyeshika funguo za stoo yenye kompyuta zote, na kwa miaka miwili haikupotea hata kalamu.

Wenzake walipokuwa wakiandika, Nyandwi aliinama karibu na meza.

"Mwalimu, baba yake Aline ameniita juzi. Amesema Pasaka ikinikuta sina kazi, atapokea posa ya yule mwenye duka wa Rulenge."

"Na mchumba wako mwenyewe?"

"Analia tu. Mara zile nne nilikosea wapi? Niambie, Mwalimu. Nitavumilia."

"Hukukosea popote, mwanangu."

Alimwambia kweli. Wasifu wake aliupanga yeye mwenyewe Mwalimu Rozina: kurasa mbili, pambizo zilizonyooka, bila kosa hata moja. Mwishoni, kama ilivyokuwa kwa wanafunzi wake wote, palikuwa na majina ya wadhamini: kwanza yeye, kisha padri wa parokia, ambaye alikuwa amehamishwa na simu yake haipatikani tena. Wengi wao hawakuwa na mtu mwingine wa kumwandika.

Saa tano na dakika ishirini simu iliita.

"Ndio wao!" Joyness alipaza sauti.

Nyandwi alisimama, akaketi, akasimama tena. Bulugu alimshika bega. "Tulia, bwana harusi. Ng'ombe wa mahari tutakuswagia sisi."

Mwalimu Rozina alitoka na simu yake hadi barazani, akaufunga mlango vizuri. Chini ya kilima bodaboda walikuwa wakigombania abiria wa basi lililotoka kuingia stendi.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema sauti ya meneja. "Kijana wako amewaacha wenzake mbali sana. Barua ya ajira ninayo hapa, imebaki sahihi yangu. Nilitaka tu neno la mdhamini, kwa sababu ghala atakabidhiwa yeye."

"Marahaba. Namfahamu kama mwanangu wa kumzaa," alisema Mwalimu Rozina, taratibu, kwa sauti ileile aliyoitumia mara nne zilizopita. "Ni mwerevu, tena mchapakazi. Ule wizi tuliumaliza hapahapa, hata polisi hatukufika. Nadhani sasa amejirekebisha."

Upande wa pili karatasi ilisikika ikikunjwa.

"Asante kwa kunieleza ukweli, Mwalimu."

Alirudi ndani. Alisimama mbele yao, akangoja mpaka benchi la mwisho likatulia.

"Nyandwi hakupata. Pole sana, mwanangu," akatangaza. "Kwa hiyo nimeamua: kuanzia Jumatatu, kundi la asubuhi litakuwa lake. Mpigieni makofi."