Mita Tatu

"Rudisha nyuma," alisema mwalimu Otia. "Mita tatu. Usinifanye nipime tena."

Natela, mwangalizi wa uchaguzi, aliikumbatia kamera yake kana kwamba mtu angemnyang'anya. Otia, aliyemfundisha hesabu katika darasa hili hili na leo ndiye msimamizi wa kituo, alikuwa amepiga magoti sakafuni na futi kamba. Nyuma yake, chini ya ubao, lilikaa sanduku la kura, tupu.

"Nikiwa huko nyuma sioni kitu, mwalimu. Mara iliyopita ziliingia karatasi hamsini kwa mkupuo, na mwangalizi alikuwa mita tatu."

"Kanuni zinasema mita tatu."

"Na zinasema wajumbe wa kituo wakikubali, naweza kusogea."

Karibu na jiko la kuni, Bichiko, wakala wa chama cha meya, alitema ganda la alizeti kiganjani. "Mwache msichana asogee. Sisi tuna nini cha kuficha?"

Wajumbe walitazamana, kisha wakanyoosha mikono. Otia peke yake hakunyoosha.

"Karatasi zenyewe mwaka huu nyembamba kama ganda la kitunguu," alinung'unika. Hakuna aliyemsikiliza.

Natela aliisimamisha kamera hatua moja tu kutoka kwenye sanduku. Hakutegemea kushinda mapema hivyo, tena kwa msaada wa Bichiko.

Alhamisi iliyopita, Bichiko huyo huyo alikuwa amewakusanya wanawake wanaofanya kazi katika chekechea ya manispaa, jikoni mwao, na kuwaambia wazungushie namba nne, namba ya chama cha meya, au watafute kazi kwingine. Tsiala, mama yake Natela, alikuwa mpishi pale kwa mwaka wa kumi na tisa, na mshahara wake ndio ulionunua dawa za moyo za baba. Lakini siku ile alirudi nyumbani akicheka.

"Aseme mpaka koo limkauke. Mle kibandani tutakuwa wawili tu, mimi na Mungu. Nazungushia tisa yangu."

"Na hakuna atakayejua, mama," Natela alimwambia.

Kituo kilipojaa, Otia alianza vituko. Mpiga kura akikaribia sanduku, yeye anasimama mbele ya kamera. Mara ananyoosha sanduku, mara anaokota kitu kisichoonekana. Natela aliandika kwenye daftari lake: Msimamizi anaziba kamera. Mara sita.

Tsiala alitoka kibandani akijifuta vidole kwenye sketi. "Kalamu gani hizi mmetuletea? Zinavuja kuliko paa langu!"

Watu walicheka. Otia akajisogeza tena mbele ya kamera.

"Toka hapo, mwalimu!" Natela alifoka. Hakuwahi kumpigia kelele mtu mzima. "Nikikuandika mara ya saba, tutaonana mahakamani."

Otia alimtazama. Kisha akamtazama Tsiala, na karatasi iliyokunjwa mkononi mwake.

"Natela, mtoto wangu..."

"Msikilize binti, mwalimu," alisema Bichiko akimenya mbegu nyingine. "Sheria ni sheria."

Otia akasogea. Tsiala alitumbukiza kura yake, akaikonyeza kamera.

Jioni sanduku lilifunguliwa. Watu waliotia saini kwenye orodha ya wapiga kura walikuwa mia mbili na kumi na nne. Kura zikahesabiwa mara mbili: mia mbili na kumi na nne. Hakuna hata moja ya ziada. Namba nne ilishinda, lakini kwa kura kumi na moja tu, jambo ambalo kijiji hakijawahi kuliona. Natela alitamani kulia kwa furaha.

Bichiko alikung'uta maganda kwenye koti lake, akaomba nakala ya video. Kanuni zilimpa ruhusa hiyo wakala yeyote.

"Itazame vizuri," Natela alimwambia akimkabidhi. "Ujionee siku mliyoshindwa kuiba."

"Nitaitazama, binti. Yote."

Otia alivaa kofia yake, akaondoka bila kumuaga mtu.

Kesho yake, Jumatatu, Tsiala alifika nyumbani kabla ya saa sita mchana. Aliweka mezani aproni yake, na kisu chake cha jikoni akiwa amekifunga kwa gazeti.

"Mbona mapema, mama?"

Tsiala alikaa, akavua viatu polepole. Wino ulikuwa bado haujamtoka vidoleni.

"Bichiko alituita mmoja mmoja. Nilipoingia, akaniwekea simu mbele ya macho." Alisugua kidole kwa kidole. "Umepiga picha safi, mwanangu. Duara langu limepenya hadi nyuma ya karatasi. Hata ile tisa inasomeka."