Vigurudumu vya Mbele

Magurudumu ya garimoshi yalizunguka palepale tena, mara ya nne asubuhi hiyo.

"Likikataa tena, nalitupa," mumewe Chebet akaapa.

Chebet alimwonea huruma. Miaka miwili amejifungia gereji, hapa mjini Laurel, ughaibuni, akiunda garimoshi dogo la mizigo kwa michoro ya Wajerumani ya karne ya kumi na tisa. Sasa liko kwenye reli uani, linafuka mvuke, na behewa moja tupu limelishinda.

"Hivi vigurudumu viwili vya mbele ni vya nini?" Chebet akauliza. "Kwa mchoro sivioni."

"Niliongeza. Vinapendeza."

Chebet akacheka. Kazi yake ni kuinua wagonjwa vitandani. "Mzee, ukiinua mtu, uzito wote unauweka kwa miguu inayosukuma. Hivi vinabeba uzito na havisukumi. Vitoe!"

Mumewe akavifungua, amenuna. Garimoshi likashuka kidogo, likatulia juu ya magurudumu yake sita kama kuku anayelalia mayai.

Chebet akapanda behewani na kilo zake tisini, akashika kofia yake ya kanisani.

"Haya, twende."

Magurudumu yakasita, yakang'ata reli. Behewa likasogea, ua wa jirani ukaanza kurudi nyuma.